Maziwa ya Watoto Wawili

Siku ya thelathini na tatu tangu ajifungue, Kalolaine alikaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha kukamulia, pampu zimemng'ang'ania kifuani, akitazama chupa mbili ambazo hazikutaka kujaa. Ya kulia ilikuwa na maziwa ya kufunika kitako tu. Ya kushoto ilikuwa na ukungu. Mashine iliguna na kuvuta, iliguna na kuvuta, naye alihisi kama inavuta kamba kutoka kisima kilichokauka.

Mbele yake alikaa Tegan, msichana wa Kizungu wa mji jirani wa Ipswich, ambaye bintiye alikuwa kitanda cha tano. Chupa za Tegan zilikuwa zimejaa mpaka shingoni, naye alizifunika kwa haraka, kama mtu anayeficha sahani yake mbele ya mwenye njaa.

"Dada, nikuambie kitu? Friji langu la nyumbani halina nafasi tena. Mume wangu ameondoa nyama zote. Ningeweza kukupa."

"Asante. Hawaruhusu."

"Najua hawaruhusu. Nilikuwa nasema tu."

"Asante," Kalolaine alirudia, akatazama ukuta. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanamke mnene anayecheka, mtoto kifuani.

Alipozima pampu alikusanya alichopata: kijiko kimoja cha chai, labda na nusu. Kabla ya mazishi alikuwa akijaza chupa zote mbili. Ilikuwa kana kwamba maziwa nayo yalihudhuria mazishi, yakabaki huko huko.

Katika wodi ya watoto njiti, kwenye kisanduku cha joto kilichoandikwa *Pacha wa Pili*, mwanawe alikuwa amelala chali, mikono imefunguka kama aliyeishiwa hoja. Gramu elfu moja mia nne na kumi. Mrija mwembamba ulipita puani mpaka tumboni. Kisanduku cha jirani, kilichokuwa cha Pacha wa Kwanza, sasa kilikuwa na mtoto mwingine, wa watu wengine. Lakini lile neno *Pili* hakuna aliyelibandua. Kila mgeni wa wodi hiyo alilisoma, kisha macho yake yakazunguka kutafuta wa kwanza yuko wapi.

Sista Bindu, muuguzi wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, alipokea kile kijiko cha maziwa kwa mikono miwili.

"Vizuri sana, mama."

"Usinidanganye, Sista. Ni kidogo."

"Kwa tumbo ni kidogo, tumbo tutalijazia maziwa ya benki, ya akina mama waliopimwa. Kwa pua ni mengi mno. Nataka matone mawili tu." Akavuta maziwa kwa bomba dogo, akalowesha kijiti cha pamba. "Sikiliza. Maziwa ya mrija yanaingia tumboni kama mgeni asiyepiga hodi. Mtoto hajui kwamba anakula. Ndiyo maana tunamnusisha kwanza, tone chini ya pua, tone kwenye ulimi, halafu ndipo tunafungulia mrija. Akinusa, mate yanatoka, tumbo linajiandaa. Wengine hawatapiki sana baada ya hapo. Wengine hujifunza kunyonya mapema."

"Wengine," alisema Kalolaine.

"Wengine. Siwezi kukuapia. Daktari mwenyewe hawezi. Lakini harufu hiyo ni yako, na haina madhara."

Wiki ile walikuwa wamesimamisha maziwa mara mbili kwa sababu tumbo la mtoto lilivimba. Na tumbo ndilo lililomwondoa wa kwanza. Lilianza kuvimba Jumanne, Alhamisi likawa la bluu, Ijumaa mchungaji wa hospitali akaitwa. Kwa hiyo kila Sista Bindu alipoweka vidole viwili juu ya tumbo lile dogo, Kalolaine aliacha kupumua mpaka vidole vitoke.

"Inama karibu, akusikie," alisema Sista Bindu. "Pumzi yako, ngozi yako, yote."

Kalolaine aliingiza mikono kwenye matundu ya kisanduku na kusogeza kifua mpaka kikagusa kioo. Kijiti cha pamba kilikaribia pua. Mtoto alikunja uso. Aligeuza kichwa upande, mbali na mama yake, akanyoosha vidole vyote kumi kama anayesukuma mlango usifunguliwe. Namba kwenye skrini zikashuka, kengele ikalia. Sista Bindu alimgusa unyayo, akamgusa tena, na namba zikapanda polepole.

"Ameshtuka tu," alisema. Kisha akanusa hewa. "Mama, umepaka manukato? Nasikia maua. Na kitu kama mti."

"Sijapaka kitu."

Sista Bindu alimtazama, hakubishana naye.

Kalolaine hakuwa amepaka kitu. Lakini ndani ya sidiria, upande wa moyo, alikuwa amekunja leso nyeupe ya pamba. Wodi ilikuwa imempa leso mbili siku ya kwanza, moja kwa kila mtoto, ili alale nazo kifuani kisha ziwekwe karibu na vichwa vyao. Leso ya wa kwanza ilirudi na maiti. Juu yake ndipo walipomlaza siku ya kumwandaa, na juu yake ndipo wifi yake alipompaka mafuta ya nazi ya msandali na maua, jinsi sisi Watonga tunavyowapaka wafu wetu wote. Tangu siku hiyo leso haijafuliwa. Alitembea nayo, aliilalia, na mtu akimkumbatia alijikunja isije ikabanwa na harufu ikatoka yote.

*

Feleti, mumewe, alifika saa tisa kutoka kiwanda cha kuku, nywele bado zina maji. Alikuwa amepaki gari mbali, kule uwanja wa raga, kusiko na malipo, na kutembea dakika ishirini juani. Mlangoni mpokezi wa wodi alimuuliza tena, kama alivyomuuliza jana na juzi:

"Wewe ni mgeni wa nani?"

"Mimi ni baba."

"Wa nani?"

Mwanawe hakuwa na jina. "Pacha wa Pili," alisema mwishowe, na mpokezi akapekua karatasi zake.

Walikaa kwenye benchi la nje, chini ya kivuli cha jengo. Feleti alimfungulia mkewe chombo cha muhogo wa nazi aliopika dada yake. Kalolaine alikula vipande viwili, akafunika.

"Amenikataa," alisema.

"Nani?"

"Mwanao. Nimesogea, akageuza uso. Moyo wake ulishuka mpaka mashine ikapiga kelele. Amenusa, Feleti. Amenusa mahali nilipotoka."

"Umetoka wapi? Umetoka chumba cha kukamulia."

"Unajua nasema nini."

Feleti alifuta jasho kwa mkono ambao, hata usuguliwe vipi, ulinuka klorini na manyoya. Alikuwa mkubwa wa mwili, mlango wa wodi aliingia kwa ubavu, lakini wiki hizo alikuwa ameanza kutembea kama mtu anayeogopa kuvunja sakafu. Kisha akasema kile alichotembea nacho kutoka uwanjani.

"Nenda kwa dada. Muombe msamaha."

"Wa nini? Wa kuzaa mapema?"

"Usinipandishie sauti."

"Nijibu. Wa nini?"

"Kalo, kila mtu kanisani anajua ulimwambia nini kwenye simu."

Ni kweli walijua. Kwetu Tonga, hata ukimhamishia Mtonga ughaibuni Logan ukampa leseni ya udereva na namba ya kodi, dada wa baba ndiye mkubwa wa mtoto. Yeye ndiye humpa jina, na yeye ndiye hukaa mbele kwenye harusi yake na kaburini kwake. Mwanamke anayeumwa uchungu usioisha huulizwa kwanza: umemkosea wifi gani? Sasa Kalolaine, akiwa na mimba ya miezi sita na miguu imevimba kama mikate, alikuwa amempigia Sisilia, dada yake Feleti, kule Auckland, naye Sisilia akaanza kumtajia majina ya babu zake. Kalolaine akasema, "Wifi, majina ya wanangu nitachagua mwenyewe." Simu ikakatwa. Wiki tatu baadaye chupa ya uzazi ilipasuka akiwa kwenye foleni ya kununua sabuni.

Wa kwanza alibatizwa kwa haraka na mchungaji wa hospitali, kwa jina ambalo Kalolaine alichagua: Saimone. Aliishi siku tisa. Wa pili Kalolaine hakuthubutu tena kumwita chochote.

"Kwa hiyo na wewe unaamini," alimwambia mumewe. "Kwamba dada yako alimuua."

"Sijasema hivyo!"

"Umesema niombe msamaha. Msamaha unaombwa kwa aliyekasirika. Na aliyekasirika amefanya nini?"

Feleti alitazama viatu vyake. "Mimi nataka huyu mmoja tu abaki," alisema. "Mengine siyajui."

*

Sisilia alikuwa amekuja kwa mazishi na hakuondoka. Alilala sebuleni kwenye godoro, amevaa nyeusi na mkeka wa maombolezo kiunoni, na kila asubuhi kabla jua halijachoma alikuwa ameshafagia, ameshapika, ameshakunja kila kitu kinachokunjika katika nyumba ile ya vyumba viwili. Yeye na Kalolaine walisemeshana kwa habari za chumvi na gesi tu. Akina mama wa kanisa walipokuja na sahani zao, walimwamkia Sisilia kwanza, wakainamisha vichwa, kisha wakamtazama Kalolaine kifuani, kana kwamba wanahesabu.

Jumamosi mchana Kalolaine alirudi kutoka hospitali. Asubuhi ile alikuwa ameisahau leso bafuni, kwa mara ya kwanza, alipooga kwa kuchelewa. Njia nzima alikuwa akijipapasa kifua. Aliingia moja kwa moja bafuni. Ndoano ilikuwa tupu. Akatoka nyuma ya nyumba, na pale kwenye kamba, kati ya taulo na sare ya Feleti ya kiwandani, aliiona, nyeupe, imebanwa kwa vibanio viwili, inapepea.

Aliishika puani. Ilinuka sabuni na jua.

Majirani wa Kivietnamu wa upande wa pili walisema baadaye kwamba walidhani mtu ameungua. Feleti, aliyekuwa akila sebuleni, alitoka mbio na kijiko mkononi. Alimkuta mkewe jikoni, amesimama mbele ya dada yake, leso imekunjwa ngumini.

"Umemuosha! Nani alikuambia uguse? Umemuosha mwanangu, umemmwaga kwenye bomba!"

"Kalo," alisema Feleti, "Kalo, huyo ni dada—"

"Najua ni nani! Ni mkubwa, ni mwenye watoto, ni mwenye majina! Chukua basi! Umeshamchukua wa kwanza, chukua na harufu yake, chukua na huyu wa pili, si ndivyo mnavyotaka?"

Hakuna mke wa Kitonga aliyewahi kusema maneno hayo na kubaki na mahali pa kukaa. Feleti alifumba macho. Alimngojea dada yake achukue begi lake, apige simu Auckland, akate undugu mbele yake.

Sisilia alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mpana, mwenye magoti mabovu. Alishika ukingo wa meza, akajishusha polepole, goti moja, goti la pili, mpaka akakaa sakafuni, miguu pembeni, kichwa chake kikiwa chini ya kiuno cha mke wa kaka yake. Feleti alipoona hivyo aligeukia ukuta. Hakuweza kutazama. Ilikuwa kama kumwona mama yake uchi.

"Simama, wifi," alisema Kalolaine. Hasira zilikuwa zimempotea ghafla, zikamwacha na baridi. "Tafadhali. Usinifanyie hivyo."

"Siku ile uliponiambia majina utachagua mwenyewe, nilikata simu," alisema Sisilia. "Unajua nilisema nini nilipokata? Nilikuwa peke yangu, namenya viazi. Nikasema kwa sauti: Haya, wape, tuone kama watayaitikia. Nilisema hivyo. Kwa kinywa hiki. Halafu nikaendelea kumenya viazi."

Friji liliunguruma, likanyamaza.

"Tangu Feleti aliponipigia, mimi silali. Nikikaa kimya namsikia. Halii. Anavuta ile pumzi ambayo mtoto huivuta kabla ya kulia, anaivuta, anaivuta, haitoki. Ndiyo maana nafagia. Unadhani sakafu yako ina uchafu gani wa kufagia mara nne?"

Kalolaine alikaa kwenye kiti. Kisha akaona bado yuko juu, akateremka naye sakafuni, akakaa kinyume chake, mgongo kwenye mlango wa jiko.

"Sijui kama nakusamehe," alisema.

"Sijaomba leo. Nilitaka tu ujue."

"Naye huyu amenikataa. Nilisogea akageuza uso. Muuguzi akaniambia nanukia maua."

Sisilia aliinua kichwa. "Maua?"

"Na mti. Ilikuwa kifuani. Leso. Nilikuwa naivaa kila siku, ili..." Hakumaliza.

"Mungu wangu." Sisilia alinyoosha mkono na kuichukua leso ngumini mwake, kidole kimoja baada ya kingine. "Kalolaine. Hiyo haikuwa harufu ya Saimone. Hayo ni mafuta yangu. Niliyapika mwenyewe, msandali nilichonga mwenyewe. Nilimpaka mama yangu, nikampaka mume wangu, nikampaka yeye. Umekuwa ukimpelekea huyu mzima harufu ya jeneza, halafu unashangaa anageuza uso?"

"Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho chake."

"Si chake."

"Basi alinukia nini?" Sauti ya Kalolaine ilipasuka. "Sikumbuki! Walinipa nimshike akiwa na mirija, akiwa na plasta, walinipa dakika chache, sikumbuki alinukia nini!"

Sisilia aliikunja leso mara mbili, mara nne, akaiweka juu ya paja.

"Mimi nilimshika kabla sijampaka," alisema. "Nilimweka hapa shingoni. Alinukia maziwa. Maziwa yako. Kwani alikuwa na kitu gani kingine duniani?"

Kalolaine alilia basi, si kama alivyolia makaburini mbele za watu, bali kwa kelele mbaya, kinywa wazi, kamasi zikimtoka. Sisilia hakumkumbatia. Aliweka tu mkono juu ya kifundo cha mguu wake na kuushikilia. Feleti, aliyekuwa bado ameelekea ukuta, aligundua ameshika kijiko, na mchuzi unamdondokea mguuni.

*

Jumatatu Sisilia alikwenda naye wodini kwa mara ya kwanza. Alioga mara mbili kwa sabuni isiyo na harufu, akafua nguo zake nyeusi, akafungua nywele zake ndefu zilizokunywa mafuta miaka hamsini na kuzisugua mpaka zikalia. Hata hivyo, mlangoni Sista Bindu alimsimamisha.

"Samahani, mama mkubwa. Bado kuna harufu. Nywele."

Wageni walikuwa nyuma yao kwenye foleni. Mwanamume mmoja alitabasamu. Sisilia, ambaye kwa watu wake hakuna aliyethubutu kumgusa kichwa, aliinamisha shingo mbele ya muuguzi mdogo kama bintiye, na Sista Bindu akazifunga nywele zake ndani ya kofia mbili za karatasi, moja juu ya nyingine.

"Nimesuguliwa kama sufuria ya sherehe," alimnong'oneza Kalolaine kwa Kitonga. "Wakiniambia ninyoe, nitawaambia wanizike kabisa."

Kalolaine alicheka, sauti ikamtoka kabla hajaizuia. Kisha akaogopa kwamba amecheka mahali pale.

Leso ile iliyofuliwa ilikuwa imelala kifuani mwake usiku mzima, safi, ikinywa kile kidogo kilichokuwepo. Sista Bindu aliiweka karibu na shavu la mtoto. Akalowesha kijiti. Kalolaine hakutaka kuangalia, akaangalia. Kijiti kikakaribia. Mtoto alikunja pua. Kisha akatulia kabisa, kama mtu anayesikiliza chumba cha jirani.

Hakufanya kitu zaidi. Hakugeuka pia.

"Hapo," alisema Sista Bindu.

Si kwamba mambo yalinyooka tangu siku hiyo. Jumatano alitapika maziwa yote ya mchana, na Kalolaine akakaa chooni dakika kumi na mlango umefungwa. Alhamisi tumbo lilipimwa kwa utepe kila baada ya saa tatu, na daktari akasema maneno ambayo hayakuwa ndiyo wala hapana. Lakini mara nane kwa siku, kabla ya mrija kufunguliwa, tone liliwekwa chini ya pua na tone kwenye ulimi. Kalolaine akiwapo aliliweka mwenyewe. Mtoto alianza kujua. Kijiti kikiwa bado mbali, midomo ilifunguka. Ijumaa ya wiki ya pili ulimi ulitoka, mdogo kama wa paka, ukalamba. Feleti, aliyekuja na buti za kazini ndani ya mifuko ya plastiki aliyovishwa mlangoni, aliomba tone lirudiwe ili aone tena. Sista Bindu akasema hii si sinema, kisha akalirudia.

Na maziwa yakaanza kupanda. Kwanza mpaka mstari wa kwanza, kisha juu kidogo. Tegan alipoona alipiga makofi peke yake, akaona haya, akainamia mashine yake.

Zile siku Sisilia alikaa kando ya kisanduku kwa saa nyingi akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini sana, ya tatu, ile ya wanaume. Jioni moja kabla ya kuondoka Kalolaine alimwambia, bila kumtazama:

"Wifi. Hana jina."

"Najua."

"Mpe wewe."

Sisilia alikuwa na majina mengi, ya machifu na ya manahodha, majina aliyoyatunza miaka yote kama mikeka chini ya godoro. Mpokezi alikuwa amesimama karibu, karatasi mkononi. Hata yeye alingoja.

"Tomasi," alisema mwishowe.

Kalolaine aligeuka. Kila aliyekaa kanisani kwetu anajua Tomasi maana yake nini. Maana yake ni pacha.

"Ukimwita hivyo," alisema polepole, "maisha yake yote watu watauliza yuko wapi mwenzake."

"Waulize."

"Na mimi nitasema nini?"

"Utawaambia alikuwepo. Au unataka tuwe tunajifanya?"

Kalolaine alitazama kile kibandiko cha kisanduku. Alikitoa kwa kucha, pembe moja, kisha nyingine, kikatoka chote. Sista Bindu aliandika kipya kwa herufi kubwa.

*

Alipofika gramu elfu moja mia tisa, daktari alisema wajaribu titi. Ilikuwa Jumapili mchana, wodi ina wageni wengi, na Sista Bindu alivuta pazia kuwazunguka. Feleti alisimama upande mmoja, mikono nyuma kama yuko mahakamani. Sisilia alikaa kwenye stuli, kofia zake mbili kichwani.

Kalolaine alifungua blauzi. Mtoto aliwekwa kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, uzito wa mkate mdogo. Alikamua tone moja kwa vidole, likaning'inia kwenye ncha ya titi la kulia.

"Usimsukume," alisema Sista Bindu. "Mwache atafute."

Tomasi alilala tu. Dakika ilipita. Nje ya pazia mtoto wa mtu alicheka. Kisha pua yake, ndogo kama kitufe cha shati, ilitikisika. Kichwa kikainuka kiasi cha upana wa kidole, kikaanguka, kikainuka tena. Kikasogea. Kinywa kilifunguka kikakosa, kikafunguka tena, kikashika.

"Anavuta," alisema Kalolaine. "Feleti. Anavuta."

"Naona."

"Anavuta kweli."

Alivuta mara tatu, akapumzika, akavuta mara nne. Namba kwenye skrini hazikushuka. Kalolaine alihisi maziwa yakiteremka, kwa uchungu na joto, kama maji yanayorudi kwenye bomba baada ya kukatika siku nyingi. Na yaliteremka pande zote mbili. Titi la kushoto, ambalo hakuna aliyelishika, lilianza kudondoka lenyewe. Tone, tone, kisha uzi mweupe usiokatika, ukishuka kwenye mbavu zake, ukilowesha blauzi, ukiingia kwenye mkunjo wa kiti.

Kalolaine alitazama upande ule. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu, umekunjika kwa umbo la kumbeba mtu.

Sista Bindu aliona. Alichukua pamba kwenye trei na kunyoosha mkono aifute, lakini Sisilia alimshika kiwiko.

"Subiri kidogo, Sista," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Mwache na huyo mwingine anywe."

Sista Bindu alisimama na pamba mkononi. Kulia mtoto alivuta, akameza, akavuta. Kushoto maziwa yaliendelea kushuka, wakayaacha yashuke mpaka yakakoma yenyewe.